Ripoti Iliyosomwa kwa Sauti

Jumatatu, 17 Machi

Leo hakimu amesoma ripoti ya Kavindu kwa sauti. Si kipande, yote.

Mheshimiwa Ndambuki ana mazoea yake. Ripoti ya afisa wa probesheni ikimpendeza, humwambia mwendesha mashtaka aketi, huvaa miwani, kisha humsomea kila mtu aliyemo kortini, hata yule mama aliyekuja kwa kesi ya ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani. Ripoti ikiwa ya kawaida huifungua, huguna, huifunga, halafu hutoa hukumu. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana wa kiuno chembamba, na zangu zote zimegunwa.

Kavindu Mutie alihamishiwa ofisi yetu hapa Thika kutoka Ruiru mwezi wa kwanza. Ana sauti laini, mwavuli wa njano, na chupa ya uji wa wimbi ambayo humpa kila mtu anayepita. Kijana aliyemwandikia alikamatwa na misokoto mitatu ya bangi. Mimi ningeandika: umri mdogo, kosa la kwanza, amekiri, ameponzwa na marafiki, anafaa kuachiliwa chini ya uangalizi wetu. Imekwisha. Yeye aliandika jinsi kijana huyo anavyomsuka nyanya yake asiyeona kila Jumamosi, na jinsi nyanya anavyopapasa mistari ya nywele kwa vidole kuhakikisha haijapinda. Mwendesha mashtaka akajikuna pua na hakupinga neno. Kijana akaenda nyumbani.

Karani akamwambia Kavindu, "Madam, wewe uliumbwa uandike." Mbele yangu, nikiwa nimemshikia Kavindu mafaili yake yote mawili mkononi.

Naandika hapa kwa sababu mume wangu Tobias amechoka kunisikiliza.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimtaja Kavindu mara moja tu mezani. Tobias akasema, "Si ndiye yule aliosha vyombo kwa matanga ya kina Makau mpaka mwisho? Huyo msichana ana heshima." Nikamwambia chakula kiko jikoni, ajipakulie.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza. Paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu. Meza ya Kavindu ni kavu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimepewa kesi ya bangi kutoka Witeithie. Mshtakiwa anaitwa Trizah, mjane wa miaka thelathini na minne, anauza chai na mandazi kando ya barabara. Polisi waliinua beseni la unga wakakuta misokoto kumi na mmoja chini yake. Amekiri. Ni mara ya pili. Mwaka jana alikamatwa na michache akapigwa faini. Hakimu anataka ripoti kabla ya kumhukumu.

Mkubwa wetu alisema, "Jentrix, chukua hii. Ni mtu wa kwenu huko magharibi, atakuongelesha vizuri." Wakati huo huo Kavindu alipewa kesi ya kijana wa Ruiru, Ronny, naye wa bangi. Zote mbili zitasikizwa siku moja, tarehe ishirini na mbili Mei. Nilitazama tarehe hizo ubaoni nikahisi kama mtu aliyepangwa kukimbia mbio na mtoto wa jirani.

Ijumaa, 4 Aprili

Trizah alikuja ofisini. Yuko nje kwa dhamana, ambayo akina mama wa kanisa lake walimchangia. Ni mwembamba, mikono imejaa alama za mafuta moto, na majibu yake ni mafupi.

"Bangi ni yako?"

"Ni yangu, madam. Andika ni yangu."

"Unauza?"

"Siuzi."

"Unavuta?"

Akatazama zile alama mikononi mwake. Halafu akasema, "Andika tu ni yangu."

Nilimuuliza anaishi na nani. Na mama mkwe wake, Wilkister. Mume alikufa, yeye hakurudi kwao, wakabaki wawili. Mama mkwe hajisikii vizuri siku hizi. Mgongo.

Ninajua ninachopima katika kesi kama hii. Upande mmoja kuna umri, kukiri kosa, majuto, na nani atabaki bila wa kumtunza mtu akifungwa. Upande mwingine kuna ile faini ya mwaka jana, maana hakimu hapendi kuona sura moja mara mbili. Na kuhusu mama mgonjwa, tangu niajiriwe sijakutana na mshtakiwa wa bangi asiye na mama mgonjwa. Akina mama wa kaunti hii huanza kuugua siku watoto wao wanapokamatwa.

Kavindu alipita mlangoni akamwambia Trizah, "Karibu dada, kuna uji." Trizah alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi nzima. Uji!

Jumatano, 9 Aprili

Nimetoka Witeithie nikiwa na matope hadi magotini, na bado sijaweza kutulia.

Wanaishi chumba kimoja nyuma ya kile kibanda cha mandazi, kwenye ploti ya mabati yenye vyumba vingi vya wapangaji. Mama Wilkister alikuwa amelala kitandani. Aliposikia nikimsalimu kwa lugha yetu, "Mulembe, mama," aliketi haraka, akafunga kitambaa vizuri kichwani, akaanza kuniuliza mimi ni wa nani, nimezaliwa wapi, shangazi zangu waliolewa wapi, hadi akapata binamu fulani aliyewahi kumuuzia babu yangu jogoo. Baada ya hapo nikawa mtoto wake. Ni mwanamke wa kimo na sauti, kiongozi wa akina mama kanisani. Sare yake nyeupe ilikuwa imening'inizwa ukutani, imepigwa pasi. Lakini kila alipogeuka kitandani aliacha kuongea, akabana midomo, kisha akaendelea pale pale kama hakuna kilichotokea.

"Trizah, mgeni hajapata chai," akasema.

Palikuwa na sufuria mbili mekoni. Trizah alitia majani katika moja, akafunika ile nyingine upesi. Hakufunika upesi vya kutosha. Harufu ile naijua, nimeinusa kwenye mifuko ya vielelezo kortini miaka yote hii. Nilikunywa chai yangu nikatazama ukuta.

Trizah alinisindikiza nje. Tulisimama chini ya mabati karibu na tangi la maji, mvua ikipiga.

"Hiyo sufuria ingine ni ya nani?" nikamuuliza.

"Madam, tafadhali."

"Trizah, mimi ndiye nitaongea na hakimu. Ukinificha mimi, unamficha nani?"

Akasema huku akitazama miguu yangu. "Ni ya mama. Namchemshia. Akikunywa nusu kikombe, analala. Asipokunywa, anauma shuka ndio ploti isisikie."

"Anaumwa wapi? Na usiniambie mgongo."

Kwetu mke wa mwana hataji mwili wa mama mkwe. Kila ugonjwa wa mama mkwe ni mgongo, hata akiumwa jino. Mimi ni wa kwetu, najua hivyo, na ndiyo sababu nilipewa kesi hii. Nikangoja tu. Akasema kwa sauti ambayo mvua ilikaribia kuimeza, "Huko chini. Njia ya uzazi. Ni kansa. Walimwambia mwaka jana, na tulikuwa tumechelewa." Alinionyesha kadi ya hospitali, aliyokuwa ameificha ndani ya kitambaa kiunoni. Ni kweli.

"Na kanisani?"

"Wanajua ni mgongo. Hiyo dawa hawajui kabisa. Yeye ndiye huwa anaombea vijana waache bangi, madam. Unaelewa?"

Nikamwambia kwamba jambo hilo lingeweza kumwokoa. Mtu aliyeshikwa na bangi ya kuuza na mtu aliyeshikwa na dawa ya mgonjwa hawapimwi kwa mizani moja.

"Basi mwambie hakimu," akasema. "Lakini umwambie kwa sikio. Yeye peke yake. Hiyo kitu isisomwe kortini. Mama ameapa lazima aje siku hiyo, na wamama wa kanisa watakuja. Ikisomwa, mama atakufa hiyo siku, na haitakuwa kansa imemuua."

Nikasema sawa. Nilisema neno hilo kwa mdomo wangu, na nikamshika mkono.

Halafu niliteremka kuelekea barabarani karibu nikikimbia, na haikuwa huruma iliyonisukuma. Nyanya asiyeona anayesukwa nywele ni kitu gani mbele ya hii? Kiongozi wa maombi anayekunywa chai ya bangi, na mke wa mwanawe anayekubali kuitwa muuza bangi ili kumsitiri! Hatimaye nimepata yangu.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nilienda kusali katika kanisa lao Witeithie, kwa sababu ya kazi, nilimwambia Tobias. Mama Wilkister aliongoza maandamano akiwa na sare yake nyeupe, tawi mkononi, sauti imepaa juu ya wote. Trizah alitembea nyuma yake hatua moja, mkono tayari. Wakati wa sala ndefu niliona jasho likimtoka mama shingoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Alisimama hadi amina ya mwisho. Wanawake wakaja kumsalimu, wengine wakipiga goti kidogo.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mvua. Tobias amekula chapati nane akasema hazijaiva katikati.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefanya jambo la kitoto. Kavindu alisema anaenda Ruiru kwa kina Ronny, nikamwambia nina shughuli upande huo, tuende pamoja. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilitaka kuona anawatoa wapi hao nyanya zake.

Ronny ni fundi wa simu, wanaishi na mama yake ghorofa ya nne. Nilidhani Kavindu atauliza maswali. Alikuwa ameshauliza, safari nyingine. Leo alikuja kuwasomea. Alitoa ripoti yake, ikiwa bado haijapigwa chapa, akaanza kumsomea Ronny maisha yake mwenyewe kutoka mwanzo, na mama yake akiwa pale anamenya viazi.

Alipofika mahali pa baba, Ronny akasema, "Hapo kwa mbuyu wangu, hapana. Toa hiyo."

"Yote?"

"Yote, madam. Hiyo ni story ya nyumba."

Kavindu akachukua kalamu akakata mistari minne. Nilikuwa nimeiona juu ya bega lake. Ilikuwa mizuri kuliko kila kitu katika karatasi ile, kuhusu baba na mkanda na kijana anayelala amevaa viatu. Aliikata kama mtu anayekata ncha za maharagwe.

Tulipotoka nikamwambia, "Umetoa ile nzuri yote! Hiyo ndiyo ingemfungua."

"Lakini si yangu, dada."

"Na kama hakimu lazima ajue ndio amhurumie?"

"Basi naomba mwenyewe anikubalie niandike kwa karatasi kando. Nampatia karani, mheshimiwa anatuskiza ofisini kwake, mlango umefungwa. Hana shida na hiyo. Yeye husoma tu kile umempatia asome." Akanitazama kidogo. "Kwani yule wako wa Witeithie ana kitu kama hiyo? Tunaweza kuandika pamoja ukitaka."

Nikamwambia kwamba nilikuwa nikiandika ripoti yeye akiwa bado anavaa soksi za shule. Alicheka akasema, "Hiyo ni ukweli dada," akaninunulia hindi la kuchoma. Angekasirika ningempenda zaidi. Nililila hindi lote kwa hasira, lilikuwa tamu, na hilo nalo likaniudhi.

Kujipendekeza tu. Nani amesikia afisa akiomba ruhusa kwa mshtakiwa?

Jumanne, 29 Aprili

Nimeandika. Nilifunga mlango wa chumba, nikamwambia Tobias asinisemeshe, na kalamu ikakimbia. Nimeandika sufuria mbili mekoni. Nimeandika shuka inayoumwa ili ploti isisikie. Nimeandika sare nyeupe ukutani na kikombe cha chai chini ya kitanda, na binti mkwe anayebeba aibu isiyo yake kwa sababu mama mkwe ana jina na yeye hana. Nimetaja ugonjwa kwa jina lake. Nililia mahali pawili. Sijawahi kulilia ripoti.

Ninajua hasa ni sentensi gani itakayomfanya Mheshimiwa avue miwani aipanguse.

Kuhusu lile jambo la karatasi ya kando, nimelifikiria. Nimelifikiria sana. Karatasi ya kando hupelekwa kwa karani, mlango hufungwa, mtu mmoja huisoma na kuguna, na watu hutoka nje bila kujua ni nani aliyeandika nini. Halafu nikajiambia kwamba hakimu ni mtu mzima, ataona mwenyewe cha kusoma na cha kuacha. Pia nikajiambia kwamba ikisomwa ndipo itamgusa, na ikimgusa ndipo atamwachilia, kwa hiyo ninafanya hivi kwa ajili ya Trizah. Nilijiambia mengi, na yote yalisikika vizuri.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imebomoa ukuta wa ploti moja huku Ngoingwa, karibu na kwetu. Kavindu ameleta blanketi za waliolala nje. Bila shaka.

Ijumaa, 16 Mei

Nimempa karani ripoti yangu. Ripoti tu, peke yake. Karani akaipima mkononi, "Madam Jentrix, leo umeandika kitabu?" Nikacheka.

Trizah alinipigia jioni. "Madam, ile maneno ulimwambia hakimu kwa sikio?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Alhamisi, 22 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, maana nisipoandika hivyo nitaanza kujitetea.

Korti ilijaa. Mvua ilikuwa imewasukuma ndani hata wasio na kesi. Akina mama wa kanisa walikaa benchi la tatu, saba au wanane, vitambaa vyeupe kichwani, na katikati yao Mama Wilkister, akiwa amekalia mto mdogo aliokuja nao. Alinipungia mkono. Mimi ni mtoto wake.

Kesi ya Ronny iliitwa kwanza. Kavindu alisimama, akasema kuna maelezo ya pembeni ambayo Ronny amekubali yaandikwe, hakimu akaitazama karatasi, akaingia naye na Ronny ofisini. Walirudi baada ya muda mfupi. Hakusoma chochote. Alisema tu amezingatia yote, akampa Ronny probesheni ya mwaka mmoja. Ronny akatoka akiwa na uso uleule alioingia nao. Watu walikuwa wanapiga miayo. Nami, Mungu ananiona, nilifurahi. Nilijiambia kwamba leo Kavindu hakusomwa.

Halafu wakamwita Trizah.

Mwendesha mashtaka alieleza kwamba huyu si mgeni, alishapigwa faini, na misokoto kumi na mmoja si ya mtu kuvuta peke yake. Akaomba kifungo. Hakimu akaifungua ripoti yangu. Alisoma mistari ya kwanza kimyakimya. Hakuguna. Akamwambia mwendesha mashtaka aketi. Akavaa miwani.

Siwezi kueleza nilivyohisi bila kuona haya. Nilikaa wima. Nilimtazama Kavindu, aliyekuwa upande wa pili, nikitaka anione. Alikuwa anaangalia benchi la tatu.

Mheshimiwa ana sauti nzuri, na maneno yangu yalikaa vizuri ndani yake. Alisoma mjane na mama mkwe, chumba kimoja, mandazi ya alfajiri. Akina mama walitikisa vichwa, mmoja akasema "Ni kweli kabisa." Akasoma sufuria mbili. Korti ilitulia hadi nikasikia maji yakitiririka nje. Akasoma kilichokuwa katika sufuria ya pili. Akasoma nani hukinywa. Akasoma jina la ugonjwa, na mahali ulipo mwilini.

Trizah akasema kutoka kizimbani, "Mheshimiwa, naomba usisome hapo."

Hakimu akanyanyua macho. "Mama, haya yanakusaidia."

"Naomba usisome. Niweke ndani, lakini usisome."

Hakimu akaipindua karatasi, akanitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto kisha akaambiwa si wake. Lakini jambo lilikuwa limeshasomwa. Katika benchi la tatu hakuna aliyemtazama Mama Wilkister, na ndivyo nilivyojua kwamba wote wamesikia. Waliokuwa wamekaa karibu naye walikusanya sketi zao kidogo, hivi, kama mtu anapompisha mwenzake, ingawa hakuna aliyekuwa anapita. Yeye alishusha kitambaa kutoka kichwani akakitandaza mapajani, akakishikilia kwa mikono miwili. Alikaa hivyo hadi mwisho.

Hakimu akasema mazingira ya kesi hii ni ya kipekee, kwamba sheria haikutungwa bila macho, kwamba kifungo kingemwadhibu mgonjwa kuliko mkosaji. Probesheni, mwaka mmoja, chini ya uangalizi wangu. Akaonya kwamba bangi isionekane tena katika nyumba hiyo, hata kwa ajili ya mgonjwa. Mwishowe akasema mbele ya wote, "Ripoti nzuri sana, Madam Jentrix."

Nimeingoja sentensi hiyo miaka yangu yote ya kazi. Nilisema asante, Mheshimiwa.

Nje, chini ya veranda, Trizah alikuwa anamsaidia mama kupanda pikipiki. Nilienda. Sijui nilitaka kusema nini. Mama Wilkister alinitazama kwa upole, nao ulikuwa mbaya kuliko matusi, akaniuliza kwa lugha yetu, "Mwanangu, ulikunywa chai kwangu. Haikuwa tamu?"

Trizah aliweka ule mto juu ya kiti, akahakikisha mama ameketi vizuri, kisha akatembea kwa miguu nyuma ya pikipiki kwenye mvua.

Ijumaa, 23 Mei

Karani na watu wawili wamenipongeza. Kavindu hajasema lolote. Ningependa aseme.

Jumamosi, 31 Mei

Nilienda Witeithie. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Jirani aliyekuwa anaanua nguo chini ya mabati alinieleza bila kuulizwa. Akina mama walikuja juzi kumwombea Wilkister atolewe pepo la bangi. Walizunguka kitanda wakapaza sauti, ploti nzima ikasikia wakitaja kila kitu kwa jina. Uongozi amepewa mwingine, kwa upendo, walisema, apumzike. Sare waliichukua. Na tangu siku ya korti, hata nusu kikombe hakuna, hakimu alikataza na Wilkister mwenyewe ameapa.

"Anapiga nduru, madam. Ngai, usiku huo hatulali," akasema jirani.

Nilibisha. Nilisikia mtu akisogea ndani. Hakuna aliyefungua, na mimi sikubisha mara ya pili.

Jumatano, 4 Juni

Tobias aliniuliza kwa nini sisemi chochote kuhusu Kavindu siku hizi. Nikamwambia hakuna jipya.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua imekwisha. Leo Trizah alikuja kuripoti kwangu kwa mara ya kwanza, kama hukumu inavyotaka. Alikaa kwenye kiti kilekile. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba nilisahau karatasi ya kando, kisha nikapanga kusema kwamba karani aliipoteza, na jana nikapanga kusema ukweli.

"Trizah, ile siku ya korti," nikaanza.

"Madam, mimi nimekuja na ombi moja tu," akasema. Hakuwa na hasira. Alizungumza kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. "Naomba nipelekwe kwa yule mwingine. Madam Kavindu. Nimeambiwa inawezekana kama wewe utakubali."

Nikamuuliza amemjulia wapi.

"Alikuja kwetu. Ile wiki ya kwanza ya mwezi huu, na Jumamosi mbili. Alituma mtu wa hospitali, wale wa kutuliza maumivu, wanakuja mpaka kwa nyumba. Wamempatia mama dawa ya maji, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Ya serikali, ya halali. Mama analala sasa." Akafikiri kidogo. "Sisi hatukujua iko. Ningejua, singejificha na bangi."

Mimi nilijua iko. Nimewahi kumpelekea mjomba wangu. Nilikaa katika chumba kile nikinywa chai, nikitazama ukuta, nikitunga sentensi, na dawa ile haikunijia kichwani hata kidogo.

Nilitia sahihi. Kuhamisha mtu kutoka kwa afisa mmoja hadi mwingine ni karatasi moja tu. Trizah alisema asante, akasimama, akatembea hatua zile chache hadi meza ya pili, upande wa pili wa ubao unaotutenganisha. Hapo nikasikia kila kitu, maana ubao ule ni mwembamba.

"Karibu dada. Mama ameamkaje?"

Na Trizah, yule wa majibu mafupi, akaanza kusema. Alisema mama amekula ugali na mboga, amemgombeza kwa sababu ya chumvi, anataka kushona sare yake mwenyewe ya rangi nyingine. Alisema mengi. Wakacheka wote wawili, na nikasikia uji ukimiminwa kikombeni.

Nilingoja aibu ije. Nilijua ni zamu yake na nilikuwa tayari kuipokea. Lakini kilichokuja kwanza, nikiwa nimekaa na kalamu mkononi, kilikuwa wivu, uleule wa mwezi wa tatu: kwa nini Trizah hakuwahi kucheka nami hivyo.